Walichokula Bakteria

Maji ya barafu yalitiririka kutoka kwenye boksi la kamba wabichi, yakalowesha viatu vyeupe vya Warda katikati ya soko la Kibiti.

"Samahani, dada," alisema Sadallah, mwenye boksi. "Maji tu hayo."

"Yana bakteria, kaka. Nafanya kazi maabara. Kamba hawa umewavua wapi?"

"Nawafuga bwawani, kule Salale. Ukitaka kupima bwawa langu, njoo na viatu vingine."

Warda alikwenda kwa boti, amevaa baibui la kijivu, amebeba kasha la chupa za sampuli. Akaenda tena. Mara ya tatu hakubeba chupa. Miezi mitano baadaye barua ya posa ya Sadallah ilikuwa kwa baba mdogo wa Warda, ikisubiri jibu.

Ndipo Warda alipopima sampuli mpya ya bwawa. Bakteria hawakufa kwa antibayotiki, kana kwamba wameshaizoea. Akapiga simu.

"Unawapa kamba antibayotiki?"

"Sijawahi, mpenzi."

"Bakteria hawasemi uongo."

"Basi olewa nao," Sadallah akajibu, akakata.

Warda akamwambia baba mdogo asijibu ile barua. Kisha, kwa desturi yake, akarudia kipimo kabla ya kulia. Daftari lilimwonyesha kosa: wiki ile chakula cha kuoteshea bakteria kilikuwa kinakaribia kwisha, naye akakizimua kwa maji ili kitoshe. Akawaotesha walewale katika chakula kamili. Dawa ikawaua wote.

Akapiga tena.

"Ni mimi, Warda."

"Yule wa bakteria wakweli?"

"Wakweli kweli. Mimi ndiye niliyewalaza njaa. Wana jeni za kusukuma dawa nje, wamezaliwa nazo. Wakiwa na njaa huziwasha, wakishiba huzizima. Hukuweka dawa, Sadallah. Nilikosea, na nimeandika hivyo kwenye ripoti."

Upande wa pili Sadallah akazima mashine ya boti.

"Na wewe ukiwa na njaa unakuwaje?"

"Mbaya kuliko wao."

Sadallah akacheka. "Nitakulisha kamba. Barua yangu je?"

"Nilimwomba baba mdogo ajibu. Jibu ninalo hapa. Mstari mmoja."

"Nisomee."

"Haifai. Lazima lipitie kwa mshenga wako."

"Warda, mke wangu."

"Bado."

"Soma basi."

Warda akafunga mlango wa maabara, akaikunjua karatasi.

"'Tumekubali,'" akasoma.