Tochi ya Mlinzi wa Ghala

Tochi yenyewe ilikuwa baridi. Hilo ndilo lililomshangaza Mama Nyaya kwanza, maana jua la mchana lilikuwa linalipiga bati la duka mpaka linalia, na mlinzi wa ghala alikuwa ameibeba mkononi njia nzima huku jasho likimchuruzika. Chuma kikishikwa hivyo hupata joto la kiganja. Hiki kilikuwa kama kimeopolewa kisimani.

"Inawaka kwa kuvizia," mlinzi alieleza. "Nikiwasha, inatoa kamwanga ka kubembeleza. Nikizima, inapepesa yenyewe. Mtu uko peke yako ghalani, fundi, hiyo si tabia nzuri."

"Labda inakukonyeza," Sindano alidakia kutoka upande wa pili, akaangua kicheko.

Sindano alikuwa mume wa Mama Nyaya, fundi cherehani, mtu mnene wa kupita milangoni kwa ubavu. Jina hilo walimbandika wateja, naye akalipokea kwa mikono miwili. Duka lilikuwa lao wote: kulia cherehani na vitambaa, kushoto meza ya mkewe iliyojaa redio zilizotumbuliwa. Nyuma kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia chumba chao cha kulala. Walishinda wakitaniana kutwa nzima, na mwanamke yule, kusema kweli, hakuwa na mtu mwingine duniani.

Mlinzi hakucheka. Alisogea karibu na meza, akashusha sauti.

"Aliyekuwa nayo kabla yangu aliniambia kuna fundi alishawahi kuitia mkono. Akasema alichokifanya mle ndani kiachwe kama kilivyo. Badilisha balbu, badilisha swichi, lakini ndani kabisa usichokonoe."

"Fundi gani huyo anayeogopa kazi yake kuonekana?" Mama Nyaya alisema. "Iache. Uje kesho."

Alipobaki na kazi yake alianzia pale kila fundi anapoanzia. Betri aliipima kwa mita, akaikuta imejaa. Swichi aliisugua, akaipima, mita ikalia pii bila kigugumizi. Balbu aliigusisha moja kwa moja na betri nyingine, ikawaka hadi akafumba macho. Kama hivyo vyote ni vizima, basi mgonjwa ni draiva, kile kibao kidogo cha saketi kinachokaa kati ya betri na balbu, kinachopima umeme upite kiasi gani. Akakichomoa kwa koleo, akakiweka chini ya kioo cha kukuzia.

Hapo akasonya. Mahali panapotakiwa kukaa rezista, kile kipande cha kuubana umeme, mtu alikuwa amezungusha uzi wa shaba, kauzungusha tena na tena kama anayefunga mzigo, kisha akamwagia risasi nyeusi ya kuchomelea juu yake, donge baya lenye mikunjo. Umeme ulikuwa unajipenyeza kwa shida. Ndiyo maana tochi ilikuwa inawaka kwa kusuasua.

"Njoo uone aibu hii," alimwambia mumewe. "Mtu kachomelea kama anabandika ugali."

Onyo la mlinzi lilimjia kichwani, likapita. Fundi mwenye haya hawezi kukiona kiungo cha namna ile akakiacha, kama vile Sindano asivyoweza kuuacha mshono uliokwenda upogo hata kwenye nguo ya mpita njia. Akashika pasi ya kuchomelea, akaigusisha kwenye donge. Risasi huyeyuka upesi. Hii ilikataa, ikakataa, halafu ikaachia yote kwa mkupuo, na badala ya ule moshi wa kawaida ikapanda harufu ya shuka la mgonjwa, na papo hapo Mama Nyaya akasikia mtu akishusha pumzi ndefu, pumzi ya aliyekuwa amebanwa muda mrefu. Alidhani ni mumewe. Akafuta mabaki kwenye sponji, akafagia meza, akaweka rezista mpya, akachomelea kiungo safi kinachong'aa. Akarudisha kila kitu, akawasha.

Duka zima likawa jeupe, hadi pembeni kwenye vumbi la miaka.

"Mke wangu umewasha jua," Sindano alisema. Kisha akajisugua mikono. "Lakini leo kuna kaubaridi."

Hakukuwa na kaubaridi. Mama Nyaya alizima tochi, isizime. Akatoa betri, akaiweka mezani. Tochi ikaendelea kuwaka. Alijiambia ni umeme uliobaki kwenye kapasita, utaisha sasa hivi. Akafunga duka, wakala, wakalala, na alipoamka, chini ya pazia ulikuwa unaingia mwanga mweupe ambao haukuwa wa asubuhi.

Mlinzi alipokuja alifika mlangoni tu. Aliiona tochi inawaka, akaiona betri kando yake, akaanza kurudi kinyumenyume.

"Nilikwambia usichokonoe," alisema kwa sauti ndogo. Akageuka, akaondoka mbiombio. Hakuonekana tena.

Siku hiyo Sindano alishindwa kukanyaga cherehani. Vidole vya miguu havikuwa na habari naye. Alipoanguka kutoka kitini akajaribu kutania kwamba ni uzito, lakini mkewe alipomshika miguu alihisi baridi ileile ya chuma aliyoishika jana. Alimburuta mpaka kitandani. Tochi akaiweka juu ya stuli, kwa sababu hakujua pengine pa kuiweka, na akakaa katikati yao, akifikiri kama fundi, maana ndivyo alivyojua kufikiri. Umeme hautoki hewani. Kikiwaka kitu, kuna kitu kinakiwasha. Sasa hii inakula wapi?

Aliijua njia ya kujua, akaiogopa. Akachukua mita. Ncha moja akaiweka kwenye bomba la tochi pale stulini, ncha ya pili kwenye unyayo wa mumewe. Katikati palikuwa na hewa tupu. Mita ile hulia tu pale njia ya umeme isipokatika.

Ikalia pii.

"Hiyo nini?" Sindano aliuliza.

"Betri ya mita imekwisha," alimdanganya.

Aliifunga tochi kwa khanga, akatoka nayo mbio, akapita kwenye vibanda, akapita watu waliomsalimia bila kuwaitikia, akiwa na nia ya kuitupa jalalani mwisho wa mtaa, lakini kadiri alivyokwenda ndivyo mwanga ulivyozidi kupenya kitambaani, na nyuma yake, ng'ambo ya kelele zote za mtaa, akamsikia mumewe analia kwa sauti ambayo hakuwahi kumsikia nayo, na akaelewa, kwa kuwa hesabu hiyo aliijua, kwamba waya ukirefuka umeme mwingi zaidi unapotea njiani, na kila hatua aliyopiga ilikuwa inamkamua mtu wake. Akarudi analia.

Mganga alikuja mchana, kijana aliyevaa kandambili, mwenye sifa ya mkono mwepesi. Alifukiza, akasoma, kisha akatazama ukutani, akarudi hatua moja nyuma. Mama Nyaya alitazama alipotazama. Mwanga wa tochi ulikuwa umeangusha kivuli kwenye ukuta, kivuli cha mtu aliyeketi miguuni pa kitanda, mnene, ametulia, na hapo miguuni pa kitanda hapakuwa na mtu.

"Mama," mganga alinong'ona, "mimi huwa natoa jini ndani ya mtu. Hapa mtu ndiye yumo ndani ya jini. Kuna aliyelifunga humo, nawe umefungua. Rudisha kifungo kama ulivyokikuta."

"Nikiivunja je?"

"Hicho ndicho chumba chake. Ukikivunja, unadhani litahamia wapi?" Akatupa jicho kitandani. "Rudisha kifungo, mama yangu. Mimi siwezi kukusaidia." Alikusanya vitu vyake, akaondoka bila kuaga.

Basi akaketi kando ya kitanda na pasi yake ya kuchomelea, mpaka usiku ukaingia. Alizungusha uzi wa shaba, akamwaga risasi. Kiungo kikatoka kizuri. Akakifumua. Akajaribu kuzungusha kushoto, akajaribu kulia, akatia risasi chafu, akatikisa mkono makusudi, na kila mara vidole vyake, vilivyofundishwa maisha yote kufanya kazi safi, vilirekebisha kosa kabla hajavizuia. Uzi ulizungushwa mara ngapi? Ulianzia upande gani? Alikitazama kile kiungo kwa kicheko na dharau, hakukitazama kwa kukijua. Angetoa macho yake ili akione tena mara moja tu. Kivuli ukutani kilizidi kunenepa, na Sindano alikuwa amekonda mpaka godoro halikubonyea.

"Sasa jina limenikaa," alisema, akajaribu kutabasamu.

"Nyamaza, upumzike."

Akachomelea tena. Alipoinua kichwa, alidhani macho yanamdanganya: mwanga ulikuwa umepungua. Ulitoka kwenye weupe ukaingia umanjano, ukaanza kutetemeka.

"Umeweza," Sindano alisema polepole, amefurahi. "Fundi wangu umeweza. Tazama, inazimika."

Mama Nyaya alikitazama kiungo kilicho mkononi mwake. Kilikuwa kizuri, kisafi, kama vilivyotangulia. Hakuna alichoweza. Tochi anazijua. Hufifia hivyo, huwa njano hivyo, huanza kutetemeka hivyo, pale kinachoziwasha kinapokaribia kwisha.

Pasi ikamdondoka. Aliishika tochi kwa mikono miwili, yeye aliyeshinda akihangaika kuizima, akaiweka kifuani, akaibembeleza kama mtu anavyobembeleza mtoto mwenye homa. "Waka," akaiambia. "Waka, nakuomba, usizime, waka basi, waka." Sindano alikuwa akimtazama bila kuelewa, na bado anatabasamu. Mwanga ukawa mwekundu, ukawa kama kaa la sigara, ukazimika.

Kwenye giza la chumba kile alimwita mumewe kwa jina lake la kweli, ambalo hakulitumia tangu harusi. Hakujibiwa.

Kisha tochi ikawaka mikononi mwake, nyeupe, yenye nguvu kuliko mara ya kwanza, na kwa kitambo kifupi sana alifurahi. Akamgeukia. Macho ya Sindano yalikuwa wazi, yameelekea kwenye mwanga mkali ule, na hayakupepesa.

Mama Nyaya alitaka kusimama, akaite watu. Lakini vidole vya miguu havikuwa na habari naye.