Moyo wa Sikujua

Siku Melkizedek alipomwona Costancia kwa mara ya kwanza, stesheni ya Kilosa haikuwa na pa kutemea mate. Treni ya kutoka Kidatu ilikuwa imechelewa saa tatu. Ulikuwa mwaka 1984, mwaka wa foleni, na nusu ya umati ule ulikuwa umesikia kwamba behewa la mwisho limebeba sukari. Melkizedek, bwana mifugo, alikuwa amefuata bunda la karatasi za mashine yake ya kupimia wanyama, amevaa suruali ya bugaluu, pana miguuni kama sketi, ambayo hata mafundi wa Kilosa walikwisha kuichoka, na bado akijiona kijana wa kisasa.

Akashuka msichana mrefu, gauni la kitenge cha rangi ya machungwa, kilemba cha kitenge hicho hicho. Mkononi alishika kamba ya katani, na mwisho wa kamba alikuwapo mbwa mwekundu wa miguu mirefu. Watu walisukumana kweli kweli, lakini ubavuni mwa mbwa yule palibaki nafasi ya mtu mmoja, na hakuna aliyeikanyaga. Mama mwenye tenga la kuku aliikwepa, akasema, "Samahani, mzee," kisha akageuka kutazama amemwambia nani. Melkizedek aliliona hilo, vinyweleo vikamsimama. Lakini msichana alikuwa mzuri, na uzuri ukishaingia machoni, woga hukosa pa kukaa.

"Dada, huyo mbwa umemleta kupimwa?"

"Wewe ndiye bwana mifugo?" Costancia aliitazama bugaluu kutoka juu mpaka chini. "Au ni fundi wa kushona sketi?"

Ndivyo mapenzi yalivyoanza, kwa kuchekwa. Karatasi zilizokuja siku ile hazikuwa zenyewe, mashine ikalala, naye Costancia akawa anarudi kila Jumamosi kuuliza kama zimefika ili mbwa wake apimwe. Kati ya Jumamosi na Jumamosi walipigiana simu posta, wakilipia dakika tatu na kuongea tano.

Alikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto Mikumi. Mbwa aliitwa Sikujua, jina alilopewa na baba yake Costancia, mzee Lukasi, ili kumchoma jirani mmoja. Mwaka mmoja nyuma mzee Lukasi aliingia porini kurina asali. Mbwa akarudi peke yake.

"Maiti haikuonekana," Costancia alimwambia. "Tangu hapo, kila siku saa kumi alasiri, Sikujua anakaa mlangoni kwa baba, anatikisa mkia. Mlango mtupu. Baba mdogo Urbanus anasema mbwa anamsubiri, na maadamu anasubiri, hatuwezi kusema baba amekufa. Matanga hayaanuliwi mpaka mbwa aache kusubiri, au naye afe."

"Na mimi je, laazizi?"

"Nyumba yenye matanga haipokei posa. Mpende mbwa wangu, mpenzi, maana ndiye mshenga wako."

Karatasi zikafika wiki ya saba. Mashine ile ya mradi wa ugonjwa wa mbung'o, ule unaoletwa na nzi na kuutanua moyo, ilipeleka sauti isiyosikika ndani ya kifua cha mbwa, ikachora moyo kwenye karatasi ndefu, mstari kwa mstari, nawe ukapima kwa rula. Sikujua alilala ubavu, anatetemeka, moyo mapigo mia na arobaini kwa dakika. Melkizedek akapima chumba cha kushoto: milimita arobaini na nne. Akafungua jedwali. Mbwa wa uzito ule hapaswi kuzidi arobaini.

"Moyo umetanuka," alisema. "Ni mbung'o. Hamalizi miezi mitatu."

Costancia alilia. Melkizedek alimshika mkono akamfariji, na tusimfichie aibu yake: ndani ya nafsi alifurahi. Miezi mitatu si mingi.

Jumatano simu ikalia ofisini.

"Melkizedek, baba mdogo amesema kama mbwa atakufa tu, ya nini kungoja? Jumamosi anampiga rungu. Sasa niambie, ulimlinganisha na nani?"

"Na jedwali la kitabu, mpenzi."

"La mbwa wa wapi?"

"Uingereza."

"Sikujua alikuwa anafukuza nguruwe pori kutoka Mikumi mpaka Ruhembe! Mimi kliniki mtoto wa mkulima simpimi kwa mtoto wa malkia. Au ulitaka afe, unioe?"

Melkizedek alizungusha waya wa simu kidoleni.

"Basi. Ukimya wako nimeusikia."

Simu ikakatika. Melkizedek akaitoa ile karatasi kabatini. Kwa mara ya kwanza akapima na kuta za moyo. Zilikuwa nene, zinaminya kwa nguvu. Moyo mgonjwa hauminyi hivyo. Siku ile ya kupima alikuwa ameishia kwenye namba aliyoipenda. Alhamisi na Ijumaa alishinda kijiji cha Zombo akipima mbwa watano wa wawindaji, wazima wa afya, na wote mioyo yao ilikuwa kati ya arobaini na tatu na arobaini na sita. Mioyo ya wakimbiaji.

Jumamosi alifika Mikumi na Landrova ya mradi, mashine na jenereta nyuma. Urbanus, mzee mkavu aliyevaa kanzu na koti, alikuwa uani na rungu lake. Costancia alikuwa amemkumbatia mbwa.

"Shikamoo, mzee. Nilikosea. Mbwa huyu ni mzima, ataishi miaka." Melkizedek alimgeukia Costancia. "Na ulisema kweli. Nilitaka afe. Siku ile nilitaka."

"Maneno," alisema Urbanus. "Nionyeshe."

Jenereta ikanguruma. Sikujua akalazwa mkekani mbele ya mlango wa mzee Lukasi, karatasi ikaanza kutoka. Mapigo mia na thelathini. Halafu ikafika saa kumi.

Mkia wa mbwa ukaanza kupiga mkeka. Upepo haukuwapo, hata majani ya mgomba yalikuwa yametulia. Manyoya ya kichwa cha mbwa yakalala, taratibu, kutoka paji la uso mpaka shingoni. Yakainuka. Yakalala tena. Melkizedek aliyakaza macho kwenye karatasi: mia, themanini, sitini.

"Mzee," alisema, "mbwa anayesubiri moyo wake hukimbia. Huu umetulia. Sikujua hamsubiri mtu. Mtu amekwisha kufika."

Urbanus aliitazama ile mistari asiyojua kuisoma, kisha akautazama mkono usiokuwapo ukipita juu ya manyoya. Rungu likamtoka.

"Kaka Lukasi," alisema. "Mwaka mzima tumekuacha mlangoni bila kukukaribisha." Akaenda mwenyewe ndani, akatoa kiti cha kamba, akakiweka kizingitini. "Karibu, kaka. Leo hii tunaanua matanga."

Kamba za kiti zikalia, kama zinavyolia mtu mzito akikaa.

Melkizedek alitamani kukimbia, na miguu ilikwisha kukubali. Costancia akamshika mkono, wake nao ukiwa wa baridi.

"Shikamoo, mzee," Melkizedek alikiamkia kiti kile.

Mbwa alifumba macho.

"Usiogope," Costancia alinong'ona. "Baba alikuwa anamtazama mtu kwanza, ndipo aitikie. Mwambie ulichojia."

Melkizedek akapiga magoti vumbini, bugaluu na yote.

"Nimekuja kuposa," alisema.