Toka, Uingie Tena

Aliyepatwa na haya ni binti wa mama yangu mdogo, kwa hiyo msiseme nimeyaokota kijiweni. Mtaani walimwita Dada Taa, kwa sababu ya ile taa ya duara aliyoihamisha kutoka sebuleni kwenda jikoni, kutoka jikoni kwenda uani, kama mtu anayemlea mgonjwa. Zamani alikuwa msusi, tena mwenye mkono mwepesi. Siku moja akafunga saluni, akawatangazia wateja wake kwamba sasa anatafuta wafuasi mtandaoni, na wateja wakacheka mbele yake. Hicho kicheko hakikumtoka.

Aliishi na mama yake tu. Kaka yake alikuwa dereva wa lori la masafa, ndiyo maana akaitwa Tela. Safari hiyo lori lilimharibikia mpakani, simu yake ikawa haipatikani, na ikapita miezi nyumba ile haijui kama yuko hai. Kila gari kubwa likipita barabarani, Mama aliacha alichokuwa akifanya na kusikiliza. Dada Taa aliendelea kurekodi. Video yake ya kukunja mashuka ilitazamwa na watu ambao angeweza kuwaalika wote chai wakaenea kwenye kochi.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Jua la alasiri, nguo kwenye kamba, redio ya jirani inakoroma. Mama alikuwa jikoni anachekecha unga. Mlango wa mbele, wa chuma, ukafunguliwa, na Tela akaingia huku ameinama. Alikuwa mrefu, na tangu alipopasuka paji la uso utotoni kwa fremu ya mlango ule, hakuwahi kuupita bila kuinamisha kichwa. Akavua buti zake, moja ikiwa imefungwa kwa waya wa umeme badala ya kamba, akaziegemeza ukutani.

"Mama," akasema.

Chekeche likaanguka. Mama alikimbia, yeye mwenye goti bovu, akamkumbatia mwanawe na unga mikononi, akalia kwa sauti ambayo Dada Taa hakuwahi kuisikia. Tela naye alilia bila aibu. Dada Taa alisimama pale akiwatazama, na nisimfiche, jambo la kwanza lililomjia halikuwa furaha. Simu yake ilikuwa chumbani inachajiwa.

"Jamani!" akasema. "Sikuchukua! Kaka, hebu toka nje, uingie tena."

"Umeshampokea ndugu yako, unamrudisha nje kwa nini?" Mama akauliza. "Muache akae."

"Mara moja tu, Mama. Kitu kama hiki watu watalia nacho."

Tela alikuwa hoi. Lakini alikuwa kaka wa aina ile ambaye hajui kumkatalia mdogo wake. Akacheka, akajifuta macho. Kuvaa buti upya aliona uvivu, akatumbukiza miguu kwenye ndala za mama, za buluu, visigino vyake vikaning'inia nyuma.

"Na hizi je?"

"Miguu nitaikata kwenye picha. Wewe kaa tayari. Usiingie mpaka nikuite mimi, umesikia?"

"Nimesikia, bosi."

Akachukua begi lake, akainama, akatoka. Mlango ukafungwa.

Mama akarudi jikoni bila kupenda, akaokota chekeche. Dada Taa akaiweka simu kwenye rafu, akawasha taa, akasogeza kiti kilichokuwa kikiharibu picha. Kivuli kikamsumbua. Akainamisha taa kidogo, akarudi nyuma kutazama. Alikuwa hajaita.

Mlango ukafunguliwa.

Akaingia. Shati lile lile, begi lile lile, tabasamu lile lile. Mama akaja mikono wazi, akamkumbatia. Kisha mikono yake ikasita mgongoni mwa yule mtu, ikabaki imekaa hewani. Uso wake, juu ya bega, ulikuwa unaitazama kamera moja kwa moja.

Uso huo ndio uliomfikisha Dada Taa alikotaka kufika. Watu waliutazama wakadhani ni furaha iliyomzidi mama mtu. Waliandika kwamba wamelia ofisini, wamelia jikoni, wamewapigia mama zao. Kabla jua halijazama, simu ilikuwa inatetemeka mezani bila kupumzika, na waliowahi kumcheka saluni walikuwa miongoni mwa waliompongeza.

Alipokuwa akiihariri video ile, kabla hajaiweka mtandaoni, aliona mambo mawili. La kwanza, kaka yake hakuinama mlangoni. Alipita wima, na kichwa hakikugonga popote. La pili lilikuwa kwenye kona ya picha. Buti zenye waya wa umeme zilikuwa zimeegemea ukutani pale zilipoachwa. Na yule aliyeingia alikuwa amevaa buti zenye waya wa umeme.

Dada Taa aliitazama kona ile kwa muda. Akaikata, akaiposti video.

Ukimuuliza alihisi nini, atakwambia hakuhisi kitu, na mimi namwamini. Alisema moyo ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unajua ni wako, ukiubonyeza hauitiki.

Basi wakaanza kuishi na yule mtu. Hakuwa na shida yoyote, hilo ndilo la ajabu. Akipewa chakula alikula. Akisalimiwa aliitikia. Lakini asiporekodiwa alikaa kwenye ncha ya kochi, begi mapajani, kama abiria anayengoja basi lake litajwe. Tajiri wa lori alimtuma mtu kuuliza dereva wake yuko wapi, naye akatabasamu tu mpaka mjumbe akaondoka mwenyewe. Wafuasi walitaka zaidi. Aingie tena, waliandika. Tuonyeshe tena. Dada Taa akamwambia atoke, aingie, na yeye akatoka, akaingia. Amebeba maua. Amefungwa kitambaa machoni. Hakuchoka wala hakuuliza kwa nini. Kila alipoingia, hesabu ya wafuasi ilipanda.

Mama hakumgusa tena. Aliacha kusikiliza malori na kuanza kusikiliza mlango.

Alasiri moja alimwita binti yake jikoni, akamvuta karibu, akanong'ona.

"Nipigie namba ya kaka yako."

"Kaka yuko sebuleni, Mama."

"Nipigie."

Dada Taa akapiga. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, simu ikaita. Waliweza kumwona yule mtu kwenye kochi, begi mapajani. Hakutikisika. Begi lilikuwa kimya. Mlio ulikuwa unatoka nje, barazani, hafifu, nyuma ya mlango wa chuma.

Kisha ikapokelewa.

"Mdogo wangu," sauti ya Tela ikasema. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesimama muda mrefu. "Tayari? Niingie sasa?"

Mama alifika mlangoni kabla simu haijakatika. Akaufungua. Baraza ilikuwa tupu, nguo zinapepea kwenye kamba, jirani anafagia kwake na kuwapungia mkono. Mama akasema, "Ingia, mwanangu." Akasema tena. Akasema mpaka jirani akaacha kufagia.

"Hanisikii mimi," akamwambia binti yake baada ya kufunga. "Anangoja sauti yako. Wewe ndiye uliyemwambia asiingie mpaka umwite. Mwite."

Hapa ndipo ninapomkasirikia binti wa mama yangu mdogo, na nimemwambia usoni. Neno lenyewe lilikuwa moja. Lakini alikuwa ameshawatangazia wafuasi kwamba kesho yake jioni atakuwa laivu, na kwamba kutakuwa na jambo ambalo hawajawahi kuliona. Alikuwa bado hajui ni jambo gani. Sasa alilijua.

"Nitamwita kesho," akasema. "Kwenye laivu. Siku moja tu, Mama. Ameshangoja muda wote huo."

Mama alimtazama kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea nyumba. Hakumgombeza. Angemgombeza, labda ule mguu uliokufa ganzi ungeamka.

Kesho yake, Dada Taa akiwa bado anachagua nguo ya kuvaa, alimkuta mama yake amesimama mlangoni, peku. Ndala zake si zilikuwa nje, miguuni mwa mwanawe.

"Natoka kumfuata," Mama akasema kwa sauti ya chini, asisikike sebuleni. "Nikimpata nitasema tayari. Wewe utatuita wote wawili, kwa kinywa chako. Usiwashe taa. Usishike simu. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Niapie."

"Haki ya Mungu, Mama."

Mama akashika fremu kwa mkono wa kushoto, kama alivyofanya siku zote kwa ajili ya lile goti, akavuka kizingiti. Mlango ukafungwa.

Redio ya jirani ilinyamaza. Kisha Dada Taa akamsikia mama yake akicheka nje, kicheko chenye machozi ndani, yale yale ya siku Tela aliporudi. Na sauti ya kaka yake: "Mama, mbona umetoka peku?" Alisikia viganja vikipapasa shati. Alisikia mama akipenga kamasi. Walikuwa pale pale, hatua chache, nyuma ya bati la mlango.

"Tayari, mwanangu!" Mama akaita. "Tuite!"

Dada Taa alifungua kinywa. Aliniapia kwamba alikifungua. Lakini mkono wake ulikuwa umeshachukua simu kutoka kwenye rafu, wenyewe, kama mkono wa msusi unavyochukua kitana bila kuangalia. Kioo cha kamera kilikuwa na ukungu. Akakifuta kwa pindo la gauni.

Alikuwa hajaita.

Mlango ukafunguliwa.

Mama akaingia. Alikuwa peke yake. Alivuka kizingiti bila kushika fremu, goti limenyooka, miguuni amevaa ndala za buluu mpya kabisa. Alikuwa anatabasamu. Nyuma yake mlango ukajifunga taratibu. Yule wa kwenye kochi akaweka begi chini, akainuka, akaja kumpokea, na wakakumbatiana vizuri sana, mashavu yakiielekea kamera. Taa ilikuwa inawaka. Hakumbuki kuiwasha.

Hapo ndipo aliita. "Ingieni! Mama! Kaka! Ingieni!" Aliita mpaka sauti ikakwaruza, akaufungua mlango akaita barazani, akaita uani, jirani akatoka na ufagio wake akasimama akishangaa.

Nyuma yake, sebuleni, wale wawili walimjibu kwa upole, kwa pamoja.

"Tumeshaingia."

Laivu ile sikuitazama. Wanasema watu walikuwa wengi mpaka picha ikawa inakwama.

Nilikwenda kumtembelea baadaye, mchana kweupe, kwa sababu alikuwa hapokei simu za ndugu. Mama mdogo alinikaribisha kwa tabasamu, akaniwekea chai, akarudi kukaa kwenye ncha ya kochi karibu na mwanawe. Mikono yake ilikuwa mapajani. Dada Taa alinipeleka jikoni, akanisimulia haya yote kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo nyuma ya pakiti ya sabuni. Wafuasi wake sasa hata hawaangalii. Wanaongezeka tu wenyewe.

"Twende kwangu," nikamnong'oneza. "Sasa hivi. Acha kila kitu."

Akatikisa kichwa.

"Nikitoka," akasema, "nani ataniita?"

Niliaga, nikafungua mlango mwenyewe. Nikiwa kizingitini nilikumbuka mwavuli wangu, ulikuwa umebaki kando ya kochi. Nikageuka nusu. Dada Taa, aliyenifuata kutoka jikoni, alikuwa amesimama katikati ya sebule, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulikuwa na kitu, hofu tupu. Alitikisa kidole kunikataza. Nikauacha mwavuli.

Barazani, mbele ya mlango, palikuwa na ndala za buluu. Sikuziona nilipokuja. Zilikuwa zimelika mpaka zimekuwa nyembamba kama karatasi, na nyuma, pale kisigino kinapozidi, zilikuwa zimepasuka. Kando yake, kwenye vumbi, palikuwa na alama za miguu peku ya mtu mzima, mmoja umekanyaga kwa uzito kuliko mwingine. Ndala na nyayo zote zilikuwa zimeelekea mlangoni, karibu sana, kama za watu wanaosubiri kufunguliwa.

Nilizunguka kwa mbali, nikapita kwenye majani.