Jiwe Ambalo Mjomba Hakuwahi Kuliona

Hadithi hii inapanda mlima. Mwenye goti bovu akae chini, asikilize.

Juu ya mlima kuna kijiji cha Kwemzumbu. Asubuhi, ukungu huingia mpaka jikoni. Hapo ndipo anapoishi Semeni.

Semeni ni mdogo. Akiingia kwenye shamba la maharage, humwoni. Unaona maharage yanatikisika tu.

Leo kuna mgeni. Ni Mjomba Masunga, kaka yake Mama. Ametoka mbali, huko Mwanza.

Mjomba ni dereva wa lori. Amefika kila mahali. Tumbo lake hufika kwanza, yeye hufuata.

"Shikamoo, Mjomba," alisema Semeni.

"Marahaba, mama," alisema Mjomba, akihema. "Huu mlima wenu nani aliusimamisha hivi?"

Mama akacheka. "Semeni, mtembeze mjomba wako. Aone kwetu."

Moyo wa Semeni ukaruka. Siku zote wageni hutembezwa na wakubwa. Leo ni yeye.

Alitaka kitu kimoja tu. Alitaka Mjomba aseme, "Hii sijawahi kuona."

Wakaenda. Tipu tipu tipu, miguu ya Semeni. Pwata… pwata… viatu vya Mjomba.

Wakafika kwenye maporomoko. Shwaaaa. Maji yalianguka, mpaka majani yakapiga magoti.

"Umeona, Mjomba?"

"Mazuri sana," alisema Mjomba. "Kama haya niliyaona kule Rukwa. Nikatumbukia na kofia yangu."

Semeni akakuna kichwa. "Twende, Mjomba. Kwetu hakujaisha."

Tipu tipu tipu. Pwata… pwata…

Wakafika mahali penye mawe meusi, mazito, yenye vitundu.

"Hapa watu wa zamani walifua majembe," alisema Semeni. "Moto wao ulikuwa mkali. Mawe haya ni makapi ya chuma."

"Ahaa," alisema Mjomba. "Kama haya niliyaona kule Bukoba. Nikaokota moja, likaniangukia kidole gumba cha mguu."

Semeni akakuna kichwa tena. "Twende, Mjomba. Kwetu hakujaisha."

Tipu tipu. Pwata… pwata… phuu.

Wakafika pangoni. Giza. Baridi. Tone likadondoka. Do.

"Wakati wa vita, bibi zetu walijificha humu," alinong'ona Semeni. "Wao na mbuzi wao. Mbuzi walifungwa midomo wasilie."

"Maskini mbuzi," alinong'ona Mjomba. "Pango kama hili niliingia kule Mbeya. Popo akaniangalia. Nilikimbia mpaka kwenye lori, nikafunga na vioo."

Semeni hakukuna kichwa safari hii. Alitoka nje, akakaa chini kwenye nyasi.

"Vipi, mama? Umechoka? Mimi ndiye mwenye haki ya kuchoka."

"Kwetu kumeisha," alisema Semeni. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya kifaranga. "Wewe umeona kila kitu."

Mjomba akatazama kushoto, akatazama kulia. Dereva wa lori akapotea njia hapo hapo.

Ndipo wakasikia kelele nyuma ya migomba.

Serereeee… pu. Serereeee… pu. Na kicheko.

"Ni nini hicho?" aliuliza Mjomba.

"Ah, hapo si pa wageni. Pale ni pa watoto tu."

"Nani amesema?"

Semeni akafikiri. Hakuna aliyesema. Ila wakubwa hawakuwahi kumpeleka mgeni pale.

Akasimama. "Twende, Mjomba."

Nyuma ya migomba kulikuwa na jiwe kubwa, limelala kama ng'ombe. Katikati lilikuwa na njia laini. Ilimetameta kama sahani iliyooshwa.

Watoto walikuwa juu, wamekalia magamba ya mgomba yenye maji. Serereeee… pu. Wakaangukia kwenye majani makavu.

Mjomba akapitisha kiganja juu ya jiwe. "Nani amelipiga msasa?"

"Sisi," alisema Semeni.

"Kwa kitu gani?"

"Kwa makalio."

Watoto wote wakacheka. Semeni hakucheka. Alikuwa anaeleza.

"Baba aliteleza hapa. Bibi aliteleza hapa. Bibi yake Bibi pia. Zamani jiwe lilikuwa linakwaruza. Sasa ni laini."

Mjomba akalitazama jiwe. Akalitazama tena. Akavua kofia.

"Semeni," alisema polepole. "Hii sijawahi kuona."

"Sema tena, Mjomba."

"Sijawahi kuona. Si Rukwa, si Bukoba, si Mbeya. Sijawahi."

Semeni akahisi amerefuka. Sasa hata kwenye maharage angeonekana.

"Basi panda," alisema.

"Nani? Mimi?" Mjomba akarudi nyuma. Pwata… pwata… "Mama, mimi ni mzigo mzito."

"Nishike mimi. Na utaje jina lako kwa sauti. Anayeteleza mara ya kwanza hujitambulisha, jiwe lipate kumjua."

Mjomba akakaa nyuma ya Semeni. Gamba la mgomba likalia, nyiii.

"Mimi ni Masunga," alisema Mjomba, kwa sauti ya mbu.

"Jiwe halijasikia," walisema watoto.

"Mimi ni Masunga wa Mwanza, dereva!"

Semeni akasukuma.

Serereeeeeeeeee…

PU.

Majani makavu yakaruka juu. Yakashuka taratibu. Chini yake kulikuwa na Semeni, anacheka. Na Mjomba, anajipapasa.

"Mjomba, suruali yako imechanika."

"Iache," alisema Mjomba. "Imelainisha jiwe kidogo. Na mimi nimo sasa."

Watoto wakapiga makofi. Wakamzunguka Semeni. "Mlete na kesho," walisema.

Jioni, Mama alishona suruali. Mjomba alijifunga kitenge, akala ugali akiwa amesimama.

Kisha akampigia simu rafiki yake wa Mwanza, dereva mwenzake. Semeni alikuwa kitandani, macho yanajifumba.

"Wewe umefika wapi na wapi?" Mjomba alikuwa anasema. "Eti kila mahali. Kwemzumbu umefika? Hujafika. Jiwe la makalio umeliona? Hujaliona. Basi, ndugu yangu, hujaona kitu."

Rafiki akauliza nani alimpeleka.

"Mpwa wangu," alisema Mjomba. "Semeni. Andika jina hilo. Ukija, muulize yeye."

Semeni akatabasamu ndani ya blanketi.

Serereeee… akateleza usingizini.