Nafasi ya Nne

Kulipopambazuka, mama yake Cheche alikuwa ameshatoka kwenda kwenye kiwanda kidogo cha mikate alikofanya kazi ya kukanda unga. Kama kawaida alikuwa ameacha chai kwenye chupa na vipande vya mkate vilivyofunikwa kwa sahani. Cheche alikunywa nusu kikombe akiwa amesimama, akafunga kamba za raba zake, kisha akaenda kumgongea rafiki yake wa jirani.

"Hodi! Bado umelala tu?"

"Niliamka kabla yako," sauti ilimjibu kutoka dirishani. "Navaa soksi. Ukizivaa ovyo zinakuchubua njiani."

Huyo ndiye Taratibu. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwa walimu tu, maana watoto wote walimwita hivyo kwa jinsi alivyokimbia. Alianza polepole, akaendelea polepole, na wengine walipokuwa wanahema ovyo yeye alikuwa bado anakwenda kwa mwendo uleule, kama mtu aliyetumwa dukani asiye na haraka ya kurudi. Cheche alikuwa kinyume chake. Filimbi ikilia tu, alikuwa ameshafyatuka.

Wote wawili walikuwa kwenye timu ya shule ya mbio za nyika. Kocha wao, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, alikuwa amekimbia mbio ndefu ujanani mwake. Aliwafundisha kukimbia safari ndefu kwa mwendo ambao wangeweza kuzungumza bila kukata pumzi, halafu siku nyingine akawapandisha mlima ulio nyuma ya shule mpaka mapaja yakawaka moto. Lakini jambo alilolikazania kuliko yote lilikuwa mapumziko.

"Mazoezi yanaubomoa mwili kidogo," aliwaambia. "Unapopumzika ndipo unapojengeka upya, ukiwa na nguvu zaidi. Siku ya kupumzika nayo ni mazoezi. Na mtu akisikia maumivu yasiyoisha, aje kwangu. Sitamla."

Watoto walicheka, na Cheche naye akacheka. Lakini moyoni hakuamini. Aliona wazi kwamba anayekimbia zaidi atakuwa hodari zaidi, na kwamba kupumzika ni kwa wavivu. Kwa hiyo siku za mapumziko, Kocha akidhani yuko nyumbani, yeye alikuwa mlimani peke yake, akipanda na kushuka.

Alikuwa na sababu zake. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Walimu walipotaka jibu, macho yao yalimpita kama vile hayupo. Lakini siku aliposhinda mbio za shule, mkuu wa shule alimwita mbele ya wanafunzi wote, na mama yake aliwasimulia wakandaji wenzake habari hiyo mpaka wakamwambia amesikika, apunguze sauti. Tangu hapo Cheche aliogopa jambo moja: kurudi kuwa mtoto asiyeonekana.

Maumivu yalianza chini ya goti, upande wa mbele wa mguu wa kushoto. Mwanzoni yalikuja akianza kukimbia, yakatoweka mwili ulipopata moto. Baadaye yakawa hayatoweki. Ikafika hatua ya kushuka kitandani asubuhi akijishikiza ukutani. Mama yake alipomuuliza mbona anatembea hivyo, alisema raba zimembana.

Taratibu hakudanganyika. Siku moja, walipokuwa wanarudi kutoka mazoezini, alisimama katikati ya njia.

"Unachechemea."

"Sichechemei."

"Nimekimbia nyuma yako mwaka mzima. Mgongo wako naujua kuliko uso wako. Mwambie Kocha."

"Nikimwambia ataniondoa kwenye timu, na mashindano yamekaribia."

"Akikuondoa, utapona."

Cheche aligeuka akiwa amekunja uso. Kwenye mashindano hayo, kila shule ilileta wakimbiaji wanne, na ilikuwa lazima wote wanne wafike mwisho. Mmoja asipofika, timu nzima haihesabiwi. Cheche alikuwa amepewa nafasi ya nne, na Taratibu alikuwa wa akiba.

"Aa, sasa nimeelewa," alisema Cheche. "Unaitaka nafasi yangu. Ungesema tu, badala ya kujifanya daktari."

Taratibu alimtazama. Kisha akaanza kutembea, akamtangulia mpaka nyumbani. Kesho yake Cheche alipogonga, dirisha halikufunguliwa. Alikimbia peke yake, akajiambia kwamba hajali.

Siku ya mashindano uwanja ulijaa watu. Kocha alimpitia kila mkimbiaji, akimuuliza hali yake. Alipofika kwa Cheche, alimtazama usoni kwa muda.

"Mwili ukoje?"

Taratibu alikuwa amesimama hapo kando, mikononi ameshika makoti ya wenzake. Cheche alijua kwamba neno moja tu lingetosha, na wakati wa kubadilisha mkimbiaji ulikuwa bado upo.

"Niko fiti, Kocha," alijibu.

Filimbi ilipolia, alifyatuka kama kawaida yake. Kwa muda alisahau kila kitu. Njia ilizunguka shamba la miti, ikavuka kijito, ikaanza kupanda, na alikuwa mbele ya wengi. Kwenye mpando wa mwisho, alipokanyaga chini kwa mguu wa kushoto, alisikia kitu kama kijiti kikavu kikikatika. Hakikuwa nje. Kilikuwa ndani ya mguu wake.

Alianguka. Alijaribu kusimama, akaanguka tena. Alijaribu kwenda kwa mguu mmoja, akishika majani, huku wakimbiaji wa shule nyingine wakimpita mmoja mmoja. Wenzake watatu walikuwa wameshapita, nao walifika mwisho wakiwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa. Walikaa chini wakihema na kutazama mpando, wakimsubiri wa nne.

Aliyemjia alikuwa Taratibu. Alikuja mbio kutoka uwanjani, akamfunika koti, akamwinua na kuuweka mkono wa Cheche begani mwake. Hakumwambia "nilikwambia."

Walipokuwa wanashuka hivyo, wakiegemeana, Cheche alimwona mwanaume amesimama peke yake kwenye uzio. Alikuwa amevaa nguo za kazi zenye madoa ya oili, na alikuwa bado ameshika funguo za lori.

"Shikamoo, baba," Cheche alisema kwa sauti ya kilio, maana alimtambua. Alikuwa baba yake Taratibu, dereva wa safari ndefu ambaye hata kwenye mikutano ya wazazi hakuwahi kuonekana.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana." Alimchukua kutoka begani mwa binti yake, akambeba mwenyewe mpaka kwenye hema la huduma ya kwanza.

Daktari alisema mfupa ulikuwa na ufa wa siku nyingi uliokuwa ukikua kidogo kidogo, na siku hiyo mfupa ulikuwa umekatika. Mguu ulifungwa plasta ngumu, na Cheche akapewa magongo. Mama yake alikaa kando ya kitanda bado akiwa na unga kwenye nywele, maana alikuwa ametoka kazini mbiombio.

"Kwa hiyo si raba zilizokubana," alisema.

"Hapana, mama."

"Nilikuuliza, na mimi ndiye mama yako." Aliinama akapangusa macho kwa pindo la kanga. Cheche alitamani angegombezwa.

Aliporudi shuleni, alimwomba Kocha ruhusa ya kuzungumza na timu. Alisimama juu ya magongo yake akasimulia yote: mbio za siri siku za mapumziko, maumivu, na alivyodanganya asubuhi ile. Wenzake walisikiliza wakiangalia chini. Mmoja alilia, kwa sababu alikuwa amekimbia vizuri kuliko siku zote na mbio zake hazikuhesabiwa popote.

Taratibu hakuwepo. Kocha ndiye aliyemweleza kwamba baba yake alikuwa amehamishiwa kituo kingine cha kazi, mbali, na familia ilikuwa inafungasha.

"Alijua kwamba hayo yangekuwa mashindano yake ya mwisho hapa," Kocha alisema. "Baba yake aliomba ruhusa kazini, ikiwa tu itatokea apate nafasi ya kukimbia. Hajawahi kumwona akikimbia."

Cheche alikumbuka funguo za lori mkononi mwa yule baba. Mtu amesafiri, amesimama kwenye uzio, na alichokiona ni binti yake akishika makoti ya wengine.

Jioni alikwenda kwa kina Taratibu kwa magongo yake. Mlango ulikuwa wazi, na sebuleni kulikuwa na masanduku yaliyofungwa kwa kamba. Taratibu alikuwa anakunja mashuka.

"Nimekuja kukuomba radhi," Cheche alisema. "Nilisema una tamaa ya nafasi yangu, kumbe mwenye tamaa nilikuwa mimi. Nafasi ile ilikuwa ya kwako. Nilikuwa nimeikalia tu."

Taratibu aliendelea kukunja shuka mpaka likawa dogo kupita kiasi, akalikunjua, akaanza tena.

"Sijui kama nimekusamehe," alisema mwishowe. "Sitaki kukudanganya. Nitakwambia nikijua."

Cheche akaitikia kwa kichwa. Alikaa sakafuni, akanyoosha mguu wake mzito, akashika pembe nyingine ya shuka. Walikunja yaliyobaki pamoja.

Plasta ilipokatwa, mguu wa kushoto ulikuwa umekonda kama wa mtoto mdogo. Kocha alimwanzisha kwa kutembea, kisha kutembea na kukimbia kwa zamu, kisha kukimbia kwa mwendo wa mazungumzo. Siku ya kupumzika alipumzika. Mara nyingine alikaa kibarazani akitazama mlima, na miguu ikamwasha kutaka kwenda, lakini alibaki pale pale.

Msimu mpya ulipokaribia, simu ya mama yake iliita. Ilikuwa sauti ya Taratibu.

"Nimekimbia kwenye shule yangu mpya," alisema. "Nimekuwa wa katikati."

"Hongera! Na baba alikuwepo?"

"Hakuwepo. Alikuwa safarini. Nilisema nitakwambia nikijua. Nimekusamehe. Ila nikikumbuka siku ile, bado inauma."

"Hata mimi," Cheche alisema, na baada ya simu kukatika alikaa muda mrefu akiwa ameishika.

Siku iliyofuata, kabla ya mazoezi, alimwendea Kocha. "Leo goti linauma kidogo. Si sana."

Kocha alilikagua goti kwa vidole vyake, akamwambia akae nje siku mbili hizo, halafu waone. Akaketi naye kwenye benchi, huku wengine wakianza kupasha mwili moto.

"Kocha, amenisamehe. Mbona bado sijisikii vizuri?"

"Kwa sababu msamaha haurudishi siku iliyopita," Kocha alijibu. "Baba yake hatasimama tena kwenye uzio ule. Hilo utaishi nalo, na ni sawa uishi nalo. Ulidhani unauficha mguu wako, mwanangu, kumbe ulikuwa unaficha nafasi ya mwenzako. Ukiwa kwenye timu, hali ya mwili wako si siri yako peke yako. Kusema ukweli mapema kungekugharimu mbio moja tu."

Cheche alitazama wenzake wakiondoka kwa mwendo wa polepole, wakizungumza, mpaka wakapotea nyuma ya mlima.

"Laiti ningesema siku ile," alisema.

"Naam," Kocha alisema. "Na leo umesema."