Marando Yasiyokatwa

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Nasambu alikata marando ya viazi vitamu nyuma ya nyumba yao Kimilili na kumpelekea nguruwe wake, Tunu. Mama alimkabidhi nguruwe huyo angali mdogo, na sasa shule ilikuwa imemchagua kwa maonyesho ya kilimo Kitale. Kwa hiyo shangazi yake wa Bungoma alipomwalika wakati wa likizo, Nasambu alikataa kwenda mpaka rafiki yake Peris alipoapa kwamba angekata marando kila siku. Wawili hao walikuwa chanda na pete.

Aliporudi, alimkuta Tunu amelala ubavu, tumbo limemvimba. Hakuwa akila wala kupata choo. Mama alimpigia simu daktari wa mifugo, Bwana Kipketer, naye akateremka kwa pikipiki kutoka Kapsokwony.

Daktari aliuliza nguruwe amekuwa akila nini. Peris, aliyekuwa amesimama kando, alijibu upesi kwamba ni marando tu, kama kawaida. Daktari akakuna kichwa, akasema basi huenda ni minyoo, na akaanza kutayarisha sindano.

Nasambu aligeuka, akatazama shamba. Marando yalikuwa yametambaa hadi yakaziba kijia alichokipita kila siku. Hakuna hata moja lililokuwa limekatwa. Moyo ulimuuma. Angedanganywa na mtu mwingine yeyote angevumilia, lakini huyu alikuwa Peris, ambaye aligawana naye hata kalamu.

"Peris, hukukata," alisema polepole. "Na mimi nilikuamini."

Peris aliinama. "Nilikuwa nachoka, bana. Nikampea ugali wa unga mweupe. Si nguruwe hula kila kitu?"

Daktari alirudisha sindano mkobani. Alieleza kwamba tumbo la nguruwe halimudu kusaga nyuzinyuzi za marando. Hupita hadi kwenye utumbo mpana, ambako bakteria wengi mno huzichachua, kama unga wa uji unavyochacha chunguni. Hapo hupatikana asidi zinazolisha utumbo na kumpa mnyama nguvu. Nyuzinyuzi zikikosekana, bakteria hao hukosa chakula, na choo nacho hukauka.

"Na watu je?" Mama aliuliza, akimtupia jicho Nasambu, ambaye kwa shangazi alikula chipsi na mkate mweupe tu, akarudi akilalamikia tumbo.

"Watu ni vivyo hivyo," daktari alijibu. "Maharagwe, sukuma wiki na unga usiokobolewa ndicho chakula cha bakteria wetu."

Nasambu aliona haya, ingawa hasira yake kwa Peris haikupoa. Daktari aliagiza Tunu apewe maji mengi, na marando kidogo kidogo.

Siku chache baadaye Tunu alisimama, akapata choo, akaanza kukoroma akidai chakula. Asubuhi hiyo Peris alifika na mzigo wa marando kichwani, macho mekundu, akaomba msamaha. Nasambu aliupokea mzigo, lakini kwanza alitazama mashina kama yalikuwa yakitoa utomvu. Yalikuwa yakitoa; yalikuwa yamekatwa asubuhi hiyohiyo.

Mama aliyaona yote akiwa mlangoni. "Peris, uvivu wako tungeusamehe siku ileile," alisema. "Ule uongo ungemfanya daktari amtibu Tunu ugonjwa asiokuwa nao. Sasa utakata marando mpaka siku ya kwenda Kitale, na Nasambu atakuwa akiyakagua. Ataacha mwenyewe, siku atakapokuamini tena."