Gia ya Kupanda Ndiyo ya Kushuka

Kila Jumanne tunapeleka avokado sokoni Tawa. Shamba letu liko juu, Mbooni, na barabara ya kwenda sokoni ni mteremko mtupu. Dereva ni mume wangu, Mutunga. Mtu mzuri, lakini ana kichwa kigumu! Akifika mteremkoni anatoa gia, pikapu inajishukia yenyewe.

"Naokoa petroli," anasema.

Mwaka huu binti yetu Kanyiva alifikisha miaka kumi na minane. Akapata leseni ya mwanafunzi, akaanza masomo ya udereva Tawa. Jumanne moja, tukishuka, akamwambia babake, "Baba, mwalimu amesema tusitoe gia mteremkoni."

"Mwalimu wako alikuwa wapi nikianza kuendesha?" Mutunga akacheka.

Mara tukasikia harufu ya kitu kinachoungua. Mutunga akakanyaga breki. Mguu ukaenda mpaka chini, na gari halikupunguza mwendo.

"Yesu!" nikapiga kelele.

Mutunga akaelekeza pikapu kwenye ukingo wa udongo. Ikajikwaruza mpaka ikasimama. Kanyiva alikuwa amefunga mkanda, hakuumia. Mimi sikuwa nimefunga. Nilipata nundu kwenye paji la uso.

Hasira niliyokuwa nayo! "Kanyiva hataendesha gari tena," nikasema. "Atamwiga babake, na mimi sitazika mtoto kwa sababu ya petroli!" Kanyiva alilia njia nzima.

Kesho yake nikaenda kumtoa masomoni. Mwalimu wake anaitwa Halima, mama mdogo wa mwili aliyeendesha lori la mchanga miaka mingi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Kanyiva, usimtoe," akasema. "Niletee na babake. Kwangu mtoto anajifunza saa moja. Kwa babake anajifunza kila siku."

Fundi alitengeneza breki. Jumamosi Mutunga akaja kwa Halima, amenuna kweli kweli. Halima hakumgombeza hata kidogo. Ningekuwa mimi, ningemgombeza!

"Ukipanda Mbooni na mzigo, unatumia gia gani?" alimuuliza.

"Ya pili."

"Basi shuka na hiyo hiyo. Injini itashikilia gari. Ukitoa gia, kazi yote ni ya breki. Zinapata moto, zinakataa."

"Nimeshuka hivyo miaka ishirini, mwalimu."

"Mazoea yana taabu, Baba Kanyiva. Sasa funga mkanda."

Tulipanda Mbooni kwa gari la mafunzo. Kanyiva alishika usukani, Halima kando yake, sisi wazazi nyuma. Kabla ya kuanza kushuka, Kanyiva akapunguza mwendo, akaingiza gia ya pili. Injini ikanguruma. Gari likashuka pole pole.

Baada ya kona, kumbe punda wawili waliobeba maji wamesimama katikati ya barabara! Kanyiva akakanyaga breki, gari likasimama mbali nao. Akangoja mwenye punda awaondoe. Jamani, mtoto huyu! Nilijifuta machozi kwa leso.

Tukafika Tawa. Tuliposhuka garini, Mutunga akamwambia Halima, "Asante, mwalimu. Mimi pia umenifundisha."

Sasa Kanyiva ana leseni kamili, na sote tunafunga mikanda. Mutunga akiwa peke yake, anashuka na gia ya pili. Lakini tukiwa pamoja, anampa binti yake funguo huko juu, majirani wakiona.

"Kupanda, hata mimi naweza," anawaambia. "Kushuka, mwachieni Kanyiva."